Kifua Hakijui Sheria

Katika milima ya Usambara kuna mimea yenye kumbukumbu nyingi za maandishi kuliko watu. Mkwinini uliletwa kutoka nchi za Amerika ya Kusini, na wataalamu waliufuata hatua kwa hatua: upandwe mwinuko gani, ukae miaka mingapi, magome yake yatoe dawa kiasi gani. Kabla karne ya 20 haijaanza, Wajerumani walikuwa tayari na shamba la majaribio pale Kwai, si mbali na Lushoto. Mwaka 1902 wakafungua Amani, upande wa Usambara Mashariki, taasisi kubwa ya kuchunguza mimea na kilimo. Vita vilipoanza mwaka 1914 na meli zikashindwa kufika, kwinini iliyotengenezwa Amani iliwasaidia askari wao kupambana na malaria. Hiyo ndiyo faida ya kulipima jambo kabla ya kulihukumu.

Nataka kuzungumza na msomaji juu ya mmea mwingine ambao historia yake ilikwenda kinyume. Bangi ilichunguzwa na watawala wa kikoloni kwa uangalifu mkubwa, tena mbali na hapa. Matokeo yakafungiwa kabatini, na hukumu ikaja kwa njia nyingine. Leo nchi nyingi zimeanza kuibadilisha hukumu hiyo, na hapa kwetu nako maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema bangi ni sumu ya taifa, na wapo wanaosema ni dawa na mali tuliyoikalia. Mimi nilifanya kazi ya utabibu katika zahanati za milimani kwa zaidi ya miaka 30, na naona kwamba katika ubishi huu wote kinachosahaulika ni kifua cha mvutaji mwenyewe.

Bangi si mgeni wa juzi. Neno lenyewe limetoka India, likavuka bahari pamoja na wafanyabiashara na mabaharia wa majahazi. Kule Ethiopia wachimbaji wa mambo ya kale walipata vichwa vya buruma vya karne ya 14 vyenye mabaki ya mmea huo. Kwa hiyo babu zetu waliijua bangi kabla ya kumjua Mzungu.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipanda milima hii hadi Vuga, makao ya mfalme Kimweri ye Nyumbai. Baadaye mwaka huo huo wakaelekea bara kuyatafuta maziwa makuu. Katika kitabu chake cha safari hiyo, kilichotolewa mwaka 1860, Burton aliwaeleza wavuta bangi aliowaona njiani: kiko cha kibuyu chenye maji, moshi unaovutwa kwa nguvu, kisha kikohozi kikali kinachomtikisa mvutaji mwili mzima. Burton alikuwa mtu wa kejeli, na mengi aliyoandika juu ya Waafrika hayafai kurudiwa. Lakini kwa macho ya tabibu nimevutiwa na jambo moja: miongoni mwa maandishi ya mwanzo kuhusu bangi katika nchi yetu, kikohozi tayari kimo.

Mjerumani mmoja aliona jambo tofauti. Hermann von Wissmann alipita Kasai, katika Kongo, miaka ya 1880, akawakuta watu waliojiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Chini ya mtemi wao Kalamba Mukenge walikuwa wameufanya uvutaji wa pamoja kuwa alama ya udugu na amani, na Wissmann aliandika kwamba desturi hiyo iliwapunguzia vita. Mwaka 1895 Wissmann huyo huyo akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, milki ambayo ndani yake Lushoto ilipewa jina la Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Msomaji aone jinsi mmea mmoja unavyoweza kusomwa vitabu viwili: Burton aliona kikohozi, Wissmann akaona amani. Wote wawili walikuwa wapita njia, wala hakuna aliyekaa kuona wavutaji wale walikuwaje baada ya miaka 20.

Uchunguzi wa kweli ulifanyika India. Mwaka 1893 Waingereza waliunda tume ya kuchunguza bangi na mazao yake, baada ya malalamiko kwamba mmea huo unajaza hospitali za wendawazimu. Tume ilisikiliza mashahidi 1,193, na mwaka 1894 ikatoa ripoti ya mabuku saba. Jambo lililonigusa zaidi ni jinsi walivyofukua madaftari ya hospitali hizo. Walikuta kwamba karani aliyempokea mgonjwa alitakiwa kuandika chanzo cha ugonjwa, na mara nyingi, kwa kukosa la kuandika, aliandika bangi. Polisi waliomleta mgonjwa walisema bangi, karani akanakili, na mwisho wa mwaka takwimu zikasema bangi. Tume ilipozifuatilia kesi moja moja, nyingi zilianguka. Ilihitimisha kwamba matumizi ya kiasi hayaleti madhara makubwa, matumizi ya kupindukia yanadhuru, na kwamba kodi na udhibiti vinafaa kuliko kupiga marufuku.

Nimeisoma habari hiyo nikiifikiria Lutindi, katika milima hii hii, upande wa Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walijenga pale mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa katika nchi hii. Mpaka leo Lutindi inatunza wagonjwa, na jina lake linajulikana Tanga nzima. Mtoto akionekana kuchanganyikiwa, jirani husema, "Huyo amevuta," na shauri likaishia hapo. Pengine amevuta kweli. Pengine alianza kuugua kwanza, akavuta ili anyamazishe sauti alizozisikia. Karani wa India hajafa. Anaishi ndani yetu.

Ripoti ile haikuiongoza dunia. Mwaka 1925, katika mkutano wa kasumba uliofanyika Geneva, mjumbe wa Misri alisimama akataka bangi iingizwe katika mkataba, akieleza kwamba hashishi inawaangamiza watu wake. Wajumbe wengi walikuwa wamekuja kuzungumzia kasumba na kokeini, lakini bangi ikaingizwa. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na yaliyoamuliwa Ulaya yalishuka mpaka kwetu kwa sheria za kikoloni. Mwaka 1961 mkataba wa Umoja wa Mataifa uliiweka bangi katika kundi moja na heroini, na ukazipa nchi zenye desturi ya kuitumia miaka 25 ya kuikomesha. Nasi tukaendelea na njia hiyo: sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995, kisha sheria kali zaidi ya mwaka 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mahakama zetu zimewahi kuwapeleka wakulima wa bangi jela miaka 30.

Wazee wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili ya kuupima utawala. Kuzifya shi ni kuiponya nchi, na kubana shi ni kuiharibu. Mfalme hakuulizwa amri zake ni kali kiasi gani; aliulizwa kama mvua inanyesha na watu wanakula. Waingereza walipokuja na mpango wao wa kuhifadhi ardhi, ulioanzia Mlalo mwaka 1946, walikuwa na hoja ya kweli: udongo wa miteremko yetu ulikuwa unamomonyoka. Lakini walileta amri ya kupiga matuta, na asiyeyapiga akashtakiwa. Akina mama ndio waliobeba mzigo wa jembe, na watu wakaona kwamba wanatozwa faini kwa ajili ya udongo wao wenyewe. Upinzani ukawaka mlima mzima, TANU ikapata wafuasi, na kufikia mwaka 1957 mpango ukafa. Mmomonyoko haukufa nao. Kwa miaka mingi baadaye, mtaalamu aliyetamka neno matuta alitazamwa kwa shaka, hata pale aliposema kweli. Sheria isiyomsikiliza mtu huharibu hata ukweli iliokuja kuutetea.

Sasa tuje kwenye kifua. Moshi wa bangi una lami na kaboni monoksidi kama moshi wa tumbaku. Tena mvutaji wa msokoto hatumii kichungi, huvuta kwa kina na kuuzuia moshi ndani. Mwaka 2017 taasisi za taifa za sayansi za Marekani zilitoa ripoti iliyopitia muhtasari wa tafiti zaidi ya 10,000. Walikuta ushahidi mzito kwamba anayevuta kwa muda mrefu hupata kikohozi, makohozi na mkamba wa mara kwa mara. Hawakukuta ushahidi kwamba bangi huongeza saratani ya mapafu, jambo ambalo wapinzani wake hawapendi kulitaja. Walikuta kwamba mama mjamzito anayevuta huzaa mtoto mwenye uzito mdogo, kwamba dereva aliyevuta yumo katika hatari zaidi ya ajali, na kwamba matumizi ya mara kwa mara yanaambatana na magonjwa ya akili yanayomtenga mtu na hali halisi. Hayo watetezi wake nao hawapendi kuyataja.

Yapo mengine. Bangi huyapandisha mapigo ya moyo mara tu baada ya kuvuta. Kijana hulivumilia hilo, lakini mzee mwenye moyo mgonjwa anacheza na hatari. Inakadiriwa kwamba takriban mtu mmoja katika kila kumi waliowahi kuijaribu hunaswa na uraibu, na aliyeanza akiwa kijana mdogo hunaswa kwa urahisi zaidi. Mwaka 2004 madaktari wa Australia walieleza ugonjwa wa kutapika mfululizo kwa wavutaji wa miaka mingi, ambao hupata nafuu wakioga maji ya moto na hupona wakiacha. Katika zahanati ya kijijini mtu wa namna hiyo atatibiwa vidonda vya tumbo mpaka achoke. Nguvu ya bangi yenyewe imebadilika: iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na wastani wa asilimia 4 ya THC, ile kemikali inayolevya, na kufikia mwaka 2014 wastani ulikuwa asilimia 12. Anayesema "babu yangu alivuta akafika miaka 90" azingatie kwamba pengine hakuvuta kitu hicho hicho.

Na faida zake zisifichwe. Ripoti ile ile ilithibitisha kwamba dawa zitokanazo na mmea huu hupunguza kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa kemikali, na husaidia watu wazima wenye maumivu ya kudumu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa kikali cha watoto iliyotengenezwa kutokana na bangi, isiyolevya. Lakini dawa hiyo hupimwa kwa kijiko na kuandikwa na daktari. Haifanani na msokoto wa kijiweni, kama vile kidonge cha kwinini kisivyofanana na kutafuna gome porini.

Nikiwa kazini alinijia kijana mbeba mizigo, mmoja wa wale wanaopakia kabichi na viazi katika malori yanayoshuka Mombo. Alikuwa amekohoa miezi mitano. Makohozi yake yalipimwa kifua kikuu mara tatu, na mara zote hayakuonyesha kitu. Nilimuuliza kama anavuta. Akasema, "Sigara moja moja, daktari." Vidole vyake na harufu ya koti lake vilisema vingine. Siku ya tatu nilimuuliza tena, taratibu, "Mwanangu, unavuta na kingine?" Alitazama mlango kwanza, ndipo akaniambia, "Ukiandika hapo kwenye kadi, nani mwingine ataisoma?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Nilimwambia nitaandika neno moshi, basi. Ndipo akaeleza: misokoto minne au mitano kwa siku, mingine wakipokezana watu sita ndani ya kibanda kilichofungwa ili harufu isitoke. Nilimweleza kwamba kikohozi chake ni cha mkamba, na kwamba kibanda kile ni hatari kuliko msokoto wenyewe, maana mmoja wao akiwa na kifua kikuu, wote sita wanavuta pumzi yake. Alipunguza, baadaye akaacha, na kikohozi kikapungua sana. Hakuponywa na dawa ya ajabu. Aliponywa na mazungumzo ambayo sheria ilikuwa imeyafanya kuwa magumu.

Kijana mwingine alikamatwa na misokoto michache akafungwa. Kabla hajakamatwa nilikuwa nimempima mwenyewe, na makohozi yake yalikuwa safi. Aliporudi kutoka gerezani alikuwa amekonda, na safari hii kifua kikuu kilionekana. Magereza yaliyojaa watu ni mahali ugonjwa huo unapoenea kwa urahisi, hilo linajulikana duniani kote. Bangi ilimpa kikohozi; adhabu ilimrudisha na ugonjwa unaoua, pamoja na mke na watoto wawili waliopaswa kupimwa.

Wakati huo huo dunia inageuka. Lesotho ilitoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, na mwaka huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua kwamba mtu mzima anayetumia faraghani kwake si mhalifu. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa bangi katika orodha kali iliyokuwamo pamoja na heroini. Kenya, mgombea urais wa mwaka 2022 aliyeahidi kuihalalisha alijaza magazeti kuliko alivyojaza masanduku. Hakufikisha hata nusu ya asilimia moja ya kura. Na tarehe 1 Aprili 2024 Ujerumani, ile iliyoupa mji wetu jina la mfalme wake, iliwaruhusu watu wazima kubeba gramu 25 na kupanda miche mitatu nyumbani.

Nakiri kwamba sifurahii kuona sheria ikilegezwa Ulaya na sisi tukiiga kama tulivyoiga ilipokazwa. Mirungi inatufundisha jambo hapa. Mtu wa Same akiilima ni mhalifu, na mtu wa Meru, Kenya, akiilima ni mkulima wa zao la biashara. Mpaka umebadilisha sheria, lakini haukubadilisha meno, tumbo wala usingizi wa mtafunaji. Pia siwaamini sana wanaotuambia kwamba bangi itatutajirisha. Kule Lesotho leseni zilikwenda zaidi kwa makampuni yenye mitaji kutoka nje, si kwa mkulima aliyekuwa akiificha kwenye mahindi. Sisi wa milimani tumeyaona hayo katika chai. Na tumbaku, ambayo ni halali kila mahali, inaua mamilioni ya watu kila mwaka, kwa sababu uhalali wake ulikuja na matangazo na makampuni kabla haujaja na maonyo.

Kwa hiyo maswali ni mawili, na ubishi wetu unayachanganya kuwa moja. Swali la kwanza ni kama bangi inadhuru mwili. Inadhuru, hasa kifua, hasa kijana, hasa mjamzito, na hasa inapovutwa kila siku. Swali la pili ni kama jela ndiyo tiba ya dhara hilo. Kwa niliyoyaona, jela haimponyi mvutaji, na hofu yake inamzuia kumwambia ukweli mtu pekee anayeweza kumsaidia. Anayejibu la kwanza kwa ndiyo halazimiki kujibu la pili kwa ndiyo.

Ningeshauri tuanze na hatua ndogo isiyohitaji kusubiri Geneva wala Berlin. Mvutaji wa kawaida atendewe kama mgonjwa. Biashara, hasa ya kuwauzia watoto, iendelee kuzuiwa. Walimu wafundishwe kuieleza bangi kama ilivyo, bila kuongeza chumvi, maana mtoto akigundua umemdanganya kuhusu moja hatakuamini kuhusu kumi. Na kadi ya zahanati iwe siri ya mgonjwa na tabibu wake, ijulikane hivyo mpaka kijiji cha mwisho kule Mtae.

Wakishaanza kutuambia ukweli, tutapata kile ambacho Amani ilikuwa nacho juu ya mkwinini na ambacho hatujawahi kuwa nacho juu ya bangi: kumbukumbu za watu wetu wenyewe, katika mwinuko wetu na baridi yetu, zilizoandikwa na mtu asiye polisi. Hapo Bunge likitaka kukaza au kulegeza, litakuwa na cha kusoma. Bila hivyo tutaendelea kubishana kwa vitabu vya wapita njia, mmoja akitaja amani na mwingine akitaja kikohozi, na kuzifya shi kutabaki kuwa maneno ya wazee.